Je, Wajua Nani Ameifunga Kompyuta Yako?

Umepata picha nzuri ya mwanao siku ya mahafali, unataka kuiweka kwenye skrini ya kompyuta ya ofisini. Unatafuta mahali pa kubadilishia, unakuta maandishi yamefifia, hayabofyeki. Hapo juu pana sentensi fupi: mpangilio huu unasimamiwa na taasisi yako. Nembo ya ofisi inabaki palepale. Unamwuliza mtu wa IT, naye anakujibu, "Ni sera, dada. Imetoka makao makuu."

Mimi nimekaa upande wa anayetoa jibu hilo kwa miaka mingi. Nimefunga kompyuta za watu kwa mamia bila kuinuka kwenye kiti, na kitu kimoja kimekuwa kikinisumbua: anayefungiwa haelezwi. Anabaki akidhani kompyuta ni mbovu, au kwamba yeye hajui kuitumia. Haya niliyoyakusanya hapa ni kwa ajili yake kwanza, na kwa ajili ya kijana anayeanza kazi hii ambaye kesho atakabidhiwa funguo.

Je, wajua kwamba amri haiji kwako, bali kompyuta yako huifuata?

Wengi hudhani fundi hubonyeza kitufe na amri ikaruka hadi kwenye kila meza. Kwenye Windows mambo huenda kinyume. Sera huandikwa na kuwekwa katika folda ya pamoja iitwayo SYSVOL, ndani ya seva ya udhibiti, yaani seva inayotunza majina na nywila za wafanyakazi wote. Kompyuta ndiyo inayokwenda kuuliza: mara tu inapowashwa, tena wewe unapoingia kwa nywila yako, kisha kila baada ya dakika 90. Juu ya hizo 90, kila mashine hujiongezea dakika zake kwa kubahatisha, kati ya 0 na 30. Bila hizo, kompyuta 2,000 za ofisi moja zilizowashwa zote saa mbili asubuhi zingeugonga mlango wa seva kwa pamoja saa tatu na nusu, tena saa tano, na hivyo hivyo hadi jioni. Zile dakika za kubahatisha huwatawanya wagongaji. Seva za udhibiti zenyewe hazisubiri kiasi hicho. Hukagua sera kila baada ya dakika 5.

Kwa hiyo fundi akikuambia "nimeshakufungulia, subiri kidogo," hakudanganyi. Asiyetaka kusubiri huandika gpupdate /force kwenye dirisha jeusi la amri, na kompyuta hukimbia kuuliza saa hiyo hiyo.

Na ikifika, husoma kwanza namba ya toleo la kila sera. Ikikuta namba ni ileile ya jana, kwa kawaida hurudi bila kugusa kitu. Mtu mwenye haki za usimamizi kwenye mashine yake anaweza kubadilisha kitu kwa mkono na akakaa nacho siku nyingi. Mipangilio ya usalama tu ndiyo haina mzaha huo: hupakwa upya kila baada ya saa 16, iwe imebadilika au haijabadilika.

Je, wajua kwamba zamani sera ilipoondolewa, kufuli lilibaki?

Kwenye Windows 95, na kwenye Windows NT 4.0 ya mwaka 1996, msimamizi aliyaandika masharti yake katika faili moja. Kompyuta iliisoma na kuyanakili masharti ndani ya rejista, lile daftari kubwa ambamo Windows hutunza mipangilio yake yote. Ukiifuta faili kesho yake, daftari halikufutika. Mafundi wa Marekani waliifananisha hali hiyo na mwili uliochorwa kwa wino usiotoka. Sisi tuna neno lililo karibu zaidi, nalo ni chale. Mtu amechanjwa utotoni, mganga amekwisha fariki, alama bado iko kifuani. Kuiondoa ilibidi msimamizi aandike sera nyingine iliyo kinyume na ile ya kwanza, aisambaze, kisha asubiri kila mashine iisome.

Februari 17, 2000 ilitoka Windows 2000, ikiwa na Active Directory, yaani orodha ya akaunti na kompyuta zote za taasisi, na mfumo mpya ulioitwa Group Policy, ndio huu tunaoutumia hadi leo. Jambo lililonivutia zaidi humo ni dogo. Masharti yalitengewa matawi yake ndani ya rejista, yenye jina Policies, ambamo mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika. Programu huangalia huko kwanza. Ikikosa amri, hurudi kwenye mpangilio aliouweka mwenye kompyuta. Sera ikiondolewa, kilichoandikwa kwenye matawi hayo hufutwa, na chaguo lako la zamani hujitokeza likiwa zima, kama mkeka uliokuwa chini ya zulia.

Je, wajua kwamba anayesema mwisho ndiye anayesikilizwa?

Sera hupangwa kwa ngazi nne. Huanza ile ya kompyuta yenyewe, ikafuata ya mahali ilipo, tuseme tawi la Mwanza, halafu ya domeni nzima, yaani kompyuta na akaunti zote zilizo chini ya seva za udhibiti za taasisi, na mwisho ya idara. Zikigongana, inayokuja nyuma huifuta iliyotangulia. Domeni ikikataza kitu na idara ya uhasibu ikakiruhusu, wahasibu watakuwa nacho. Anayeanza kazi hii hushangaa, maana amezoea kwamba neno la mkoa halivunjwi na kitongoji. Makao makuu yakitaka lao lisivunjwe, yana alama ya kulazimisha. Sera yenye alama hiyo hupita hata kwenye idara iliyozuia urithi wa sera kutoka juu.

Kuna na mgeuko mwingine ninaoupenda. Kwa kawaida masharti ya mtumiaji humfuata popote aendapo. Lakini maktaba ya chuo ina kompyuta za kutafutia vitabu, na mkuu wa kitivo akiingia pale na jina lake, hutaki aje na uhuru wake wote wa ofisini. Basi msimamizi huigeuza kanuni, kiti kikatawala badala ya mtu. Awe mkuu wa kitivo, awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kila anayeketi hapo hupata skrini ileile ya kutafutia vitabu.

Je, wajua kwamba kuficha diski C ni kuandika 4?

Herufi za diski hupewa thamani zinazojizidisha maradufu: A ni 1, B ni 2, C ni 4, D ni 8, hadi Z. Ukitaka kuficha kadhaa unajumlisha. Kuanzia A hadi D ni 15. Zote 26 ni 67,108,863. Wasimamizi wa zamani waliijua namba hiyo kwa kichwa.

Lakini kuficha si kufunga, na hapa ndipo wengi wetu tulipojidanganya. Diski iliyofichwa haionekani kwenye dirisha la mafaili. Anayejua kuandika njia yake bado anaifikia, kama hakuna sera ya pili inayomzuia asiingie. Vivyo hivyo ile orodha ya programu zinazoruhusiwa, ambayo kwa sera ya kale hutazama jina la faili basi. Niliwahi kufunga maabara ya kompyuta ya chuo kimoja, nikaruhusu programu tano tu. Siku ya pili nikapita nyuma ya kijana mmoja, nikaona anacheza karata kwa utulivu kabisa. Nilipoangalia, faili ya mchezo alikuwa ameibatiza winword.exe, na kompyuta iliamini kwamba kijana yumo ndani ya Word. Hakuvunja kitu, alilisoma kufuli langu vizuri kuliko nilivyolisoma mimi.

Desemba 2005 Mark Russinovich, mtaalamu wa undani wa Windows, alionyesha jambo hilo kwa kiwango cha juu zaidi. Alitengeneza programu ndogo aliyoiita gpdisable, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida, asiye na haki yoyote ya usimamizi, kuzipofua baadhi ya sera. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: kama sera inakaguliwa na programu ambayo mtumiaji mwenyewe ameiwasha, basi mlinzi huyo anafanya kazi chini ya mamlaka ya anayelindwa. Kufuli la kweli linatakiwa likae mahali ambapo mkono wa mtumiaji haufiki. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa tayari na njia ya kuitambua programu kwa alama yake ya hesabu badala ya jina, na mwaka 2009 Windows 7 ikaleta njia mpya zaidi, AppLocker. Mchezo wa karata haupiti tena kwa kubadili jina.

Je, wajua kwamba virusi navyo vilitumia makufuli hayahaya?

Huenda unaikumbuka hali hii. Kompyuta ya nyumbani, haina ofisi wala msimamizi, umeinunua kwa pesa yako, ila ukitaka kufungua dirisha la kuangalia programu zinazoendelea, unaambiwa limezimwa na msimamizi wako. Msimamizi gani? Hakuna. Kirusi kimeandika kwenye rejista maneno yaleyale ambayo sera ya ofisi huyaandika, ili usiweze kukiona wala kukiua. Mfano mmoja unaojulikana ni Brontok, kilichoanzia Indonesia mwaka 2005. Kilizima kifaa cha kuhariri rejista, kikaondoa na menyu ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, chenyewe kikiwa kimejificha humohumo. Watu walipeleka kompyuta zao kwa mafundi wakafutiwa kila kitu, picha za harusi na barua za miaka, kwa sababu ya mistari michache ambayo ingefutika kwa dakika tano.

Flashi nazo zina historia yao katika habari hii. Windows za zamani zilikuwa na tabia ya kuendesha zenyewe kilichomo ndani ya kifaa kilichochomekwa. Mwaka 2008 ulikuwa mbaya. Kirusi kiitwacho Agent.btz kiliingia katika mitandao ya jeshi la Marekani kwa njia ya flashi, na Novemba mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ikapiga marufuku flashi kwenye kompyuta zake. Mwezi huohuo kikazuka kirusi kingine, Conficker. Wasimamizi wengi walikimbilia sera ya kuzima tabia hiyo, thamani yake 255 kwa aina zote za diski. Cha kusikitisha, Januari 2009 mamlaka ya usalama wa kompyuta ya Marekani ilitangaza kwamba Windows haikuwa ikiizima sawasawa hata ilipoamriwa. Ilihitaji kwanza kurekebishwa. Watu walikuwa wamefunga mlango, ufunguo umezunguka vizuri, komeo halijaingia. Februari 2011 ndipo Microsoft iliposambaza sasisho lililoizima tabia hiyo kwa flashi kwenye Windows XP na Vista.

Je, wajua kwamba ufunguo wa siri uliwahi kuchapishwa na mtengenezaji wa kufuli?

Mwaka 2006 Microsoft ilinunua kampuni ya DesktopStandard, na kazi yake ikaingizwa katika Windows Server 2008 kama nyongeza ya sera. Nyongeza hiyo ilimruhusu msimamizi kuweka nywila moja ya msimamizi wa ndani kwenye kompyuta zote kwa mpigo. Nywila ilifichwa kwa msimbo wa AES wa biti 256, ambao hadi leo haujavunjwa. Ila ufunguo wa kuufungua ulikuwa mmoja kwa dunia nzima, na Microsoft yenyewe iliuandika katika nyaraka zake za kiufundi zinazosomwa na yeyote. Na faili lenye nywila hukaa SYSVOL, folda ambayo kila mfanyakazi mwenye akaunti anaweza kuisoma, kwa kuwa kompyuta yake lazima ikachukue sera huko. Mei 2014 rekebisho likatolewa. Lilizuia nywila mpya kuwekwa, ila halikufuta zilizokwisha kuwekwa. Kijana unayeanza kazi: kabla hujafanya lolote siku ya kwanza, tafuta neno cpassword ndani ya SYSVOL ya ofisi yako. Mwaka uliofuata ikaja LAPS, inayoipa kila kompyuta nywila yake tofauti na kuibadilisha yenyewe.

Kwa kuwa sera zote hutoka humo, wezi wa mitandao huiwinda seva ya udhibiti kuliko mashine nyingine yoyote. Anayeishika hahitaji kuvamia meza moja moja. Mwaka 2021 programu ya utekaji iitwayo LockBit 2.0 ilikuja na uwezo wa kutunga sera mpya yenyewe, kuzima kinga ya Windows kwenye kompyuta zote, kisha kujisambaza kwa njia halali ya sera. Na Februari 23, 2022, siku moja kabla ya Urusi kuivamia Ukraine, kifutio kiitwacho HermeticWiper kilianza kuharibu kompyuta za Ukraine. Katika taasisi mojawapo kilisambazwa kupitia sera ya msingi ya domeni. Sera hiyo ya msingi ina kitambulisho kilekile ulimwenguni kote, kinachoanza na 31B2F340. Iwe ni Dar es Salaam, Muscat au Toronto, ukiingia kwenye domeni ya Windows utaikuta folda ya jina hilo. Kompyuta za watu zilikwenda kuuliza kama zilivyozoea, zikapewa sumu.

Je, wajua kwamba kukatika kwa umeme Ghana kuliiokoa kampuni kubwa ya meli?

Juni 27, 2017 kirusi cha NotPetya kilitoka Ukraine, kupitia sasisho la programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc, kikaenea duniani kwa saa chache. Maersk, kampuni ambayo meli zake hubeba makontena katika bandari nyingi duniani, ilipooza. Skrini zikawa nyeusi moja baada ya nyingine.

Walipoanza kujenga upya, walikuta wanazo nakala za seva nyingi, lakini hawana nakala ya seva za udhibiti. Zilikuwa kama 150, zimetawanyika duniani, kila moja inanakili nyingine. Ilidhaniwa kwamba moja ikifa, nyingine 149 zina kila kitu. Hakuna aliyewaza kwamba zote zinaweza kufa siku moja. Na bila hata moja hakuna majina ya wafanyakazi, hakuna ruhusa, hakuna sera; kila kompyuta inayowashwa inauliza "mimi nani, nifanye nini?" na hakuna wa kuijibu.

Mafundi walipiga simu ofisi moja baada ya nyingine. Mwishowe wakaipata moja, Ghana. Kabla ya shambulio kufika huko umeme ulikuwa umekatika, seva ikazimika, ikatoka mtandaoni. Ilikuwa imelala ikiwa nzima, na kila kitu kimo.

Intaneti ya ofisi ile ilikuwa ndogo, kutuma data yote kungechukua siku kadhaa. Wakaamua mtu apande ndege na diski yenye data hiyo hadi Uingereza, kwenye kituo cha ukarabati kilichokuwa Maidenhead. Hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi wapokezane: mmoja akaruka kutoka Ghana hadi Nigeria, akakutana na mwenzake uwanja wa ndege, akamkabidhi diski, na huyo wa pili akaendelea nayo hadi London. Ni kitu cha kubebwa mkononi, na ndani yake mna utambulisho wa kampuni nzima.

Januari iliyofuata, mjini Davos, mwenyekiti wa Maersk Jim Hagemann Snabe alieleza kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Nimesimulia kisa hiki kwa wanafunzi mara nyingi, na kila mara nikifika kwenye watu wawili wanaopokezana diski uwanja wa ndege, darasa hunyamaza.

Wala si lazima anayeharibu awe adui. Mei 2014 katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, kazi ya kusimika Windows 7 upya ilitumwa kwa bahati mbaya kwa kompyuta zote za Windows zinazosimamiwa. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kufuta diski. Ilipogunduliwa, seva iliyoituma nayo ilikuwa tayari imejifuta.

Je, wajua kwamba betri ndogo kama sarafu inaweza kukunyima kuingia kazini?

Windows hutambua watu kwa utaratibu uitwao Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT na kupewa jina la mbwa wa vichwa vitatu wa hadithi za Wagiriki. Hutoa tiketi zenye saa. Saa ya kompyuta ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, tiketi hukataliwa.

Tawi moja mikoani lilinisumbua siku kadhaa. Kila asubuhi mzee wa stoo anakataliwa, mchana tukihangaika anaingia, kesho yake tena. Siku ya nne nikampigia. "Shikamoo mzee. Hebu nisomee hapo chini kulia pameandikwa tarehe gani."

"Marahaba. Pameandikwa tarehe mosi Januari, 2009."

Mlinzi alikuwa akizima umeme ukutani kila jioni ili kubana matumizi, na betri ya CR2032 iliyo juu ya ubao wa kompyuta ilikuwa imekufa. Mashine ilizaliwa upya mwaka 2009 kila asubuhi. Tulituma betri kwa basi.

Matawi ya mbali yana adha nyingine. Mtandao ukiwa chini ya kilobiti 500 kwa sekunde, Windows huuhesabu kuwa wa polepole na kuruka baadhi ya mizigo, kama kusimika programu. Masharti ya usalama hayarukwi.

Na kompyuta yenye Windows ya toleo la Home haiwezi kabisa kujiunga na domeni. Nimeona ofisi ikinunua kompyuta 40 za bei nafuu, na zote zikabaki nje ya ua.

Asiye na pesa za seva ya Windows hajafungiwa nje. Samba, programu huria aliyoianzisha Andrew Tridgell nchini Australia, ilifikia toleo la 4.0 Desemba 2012 ikiwa na uwezo wa kuwa seva ya udhibiti ya Active Directory. Shule inaweza kuiweka kwenye Linux na kuzipa kompyuta zake za Windows sera zilezile. Jina lake lilipatikana kwa kupekua orodha ya maneno yenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo. Kwenye Linux yenyewe, wanaotumia mazingira ya KDE huweka alama [$i] baada ya jina la mpangilio na mtumiaji hawezi tena kuubadilisha. Wanaotumia mazingira ya GNOME wana faili za kufuli ndani ya dconf, hifadhi ya mipangilio yao.

Je, wajua kwamba siku 42 za nywila hazina tena mtetezi?

Domeni mpya ya Windows huja na sharti la kubadilisha nywila kila baada ya siku 42, na hukumbuka 24 zilizopita usizirudie. Sote tumeona matokeo. Jina la mtoto na 1, zamu ijayo na 2, zamu ya tatu na 3, na kikaratasi chini ya kibodi. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa zamani wa nywila wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri wake, na mwaka huohuo mwongozo mpya wa NIST ukasema watu wasilazimishwe kubadilisha nywila bila dalili ya kuibiwa. Mei 2019 Microsoft nayo ikaliondoa sharti la muda katika mipangilio ya usalama inayoipendekeza. Bado ofisi nyingi zinalishikilia. Sielewi tunawatesea nini watu kwa kanuni ambayo waliotutungia wamekwisha kuiacha.

Na je, wajua kwamba unaweza kuwasoma waliokufunga?

Fungua dirisha la amri, andika gpresult /r. Huhitaji haki za usimamizi ili kuona upande wako. Itakuja orodha ya sera zinazokuhusu, kwa majina, na mahali akaunti yako ilipowekwa ndani ya Active Directory.

Mama mmoja wa masjala alilalamika miezi minane kwamba haoni diski D, ambamo skana yao huweka barua zilizoingia. Kila fundi aliyepita alimwambia ni sera. Alikuwa amejitengenezea utaratibu wa kumwomba kijana wa meza ya pili amtumie kila barua kwa baruapepe. Nilipokwenda nilivuta kiti, nikamwachia kibodi, akaandika amri mwenyewe herufi kwa herufi, akashusha miwani kusoma. Jina la pili kwenye orodha lilikuwa KAUNTA.

"Lakini mimi kaunta nilitoka," alisema. "Nilihamishwa mwaka juzi."

Watu walimhamisha meza, wakamhamisha na kwenye daftari la mishahara. Akaunti yake hakuna aliyeihamisha. Ilibaki kwenye fungu la wapokea wageni, ambako diski kuanzia A hadi D zimefichwa kwa namba 15. Nilipiga simu makao makuu, wakaivuta akaunti hadi fungu la masjala. Akatoka, akaingia tena kwa nywila yake. Dirisha la mafaili likafunguka, D ikiwa mahali pake, na ndani yake folda ya barua za siku ile. Akabofya ya kwanza.